Shujaa Niliyewabunia Wana-Brackengill

Jumatatu, 10 Juni 2019

Nimeamka. Kwa hilo tu, shukrani. Mwezi wa tatu daktari alinishauri nisipange mambo ya mbali, nami nimemtii: mpango nilio nao ni wa wiki hii tu.

Miaka themanini na minane. Moyo umechoka. Miguu ilistaafu kabla yake. Akili, asante Mungu, bado inafanya kazi, na humo ndimo shida yote ilimoanzia.

Niandike basi, kabla sijamwambia mtu. Mimi, Clement Brackengill, mwalimu mstaafu wa historia na Kilatini, mkazi wa kijiji cha Skelbeck huku Yorkshire, ni mwizi na mwongo. Aa! Limetoka. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimejisikia njaa. Mavis ameniletea uji na asali. Mavis ndiye anayenitunza asubuhi na jioni, mwanamke mwenye moyo safi kabisa, hakuna siri inayokaa kwake hata dakika tano. Sijamwambia kitu.

Wizi kwanza. Mwaka 1978 kasisi wa wakati huo, sasa marehemu, alinikabidhi madaftari ya kale ya kanisa niyaorodheshe kabla hayajapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo. Nikayabeba nyumbani kwa baiskeli. Katika daftari la mwaka 1741 palikuwa na karatasi iliyolegea. Naam, iliyolegea. Ilihitaji kuvutwa kidogo. Mistari minane. Inasema kwamba katika korongo la Brackengill, mwendo wa robo saa juu ya kijiji, ameokotwa mtoto mchanga wa kiume asiye na baba wala mama anayejulikana. Kwamba wazee wa parokia wamembatiza John, na kwa jina la ukoo wamempa jina la mahali alipookotwa, kama ilivyokuwa desturi yao kwa watoto wa namna hiyo. Kabla ya mtoto huyo hakukuwa na Brackengill hata mmoja Uingereza nzima. Nilitafuta miaka mitatu. Baada yake tumejaa kila mahali. Wajukuu wake walishuka bondeni kufuata viwanda vya sufu, wengine wakaenda kuchimba makaa Durham, wengine wakapanda meli hadi Ontario, Ohio na Tasmania. Wote ni uzao wa yule aliyelala kwenye majani ya kangaga korongoni, akilia.

Sasa uongo. Huku kwetu mtu akianza kutafuta asili ya jina lake, kuna jambo moja tu analolitaka: aambiwe kwamba babu yake alikuja mwaka 1066, William alipovuka bahari kutoka Normandi kututeka. Kutekwa si sifa. Kuwa mtekaji ndiyo sifa. Ndugu zangu walikuwa wakinisubiri kwa hamu. Ningewapelekea mtoto wa kuokotwa? Nikaificha karatasi chini ya soksi. Mwaka 1979 nikatoa kijitabu, kurasa sitini na nne, na ndani yake Sir Gilbert, mpanda farasi shujaa wa William, aliyepewa korongo kwa ushujaa wake nalo likaitwa kwa jina lake. Korongo kwa jina lake! Nilijua ni kinyume. Niliandika vizuri sana, lakini.

Binamu Maurice alilia alipokisoma. Chama cha Ukoo kikaundwa. Tukawa na ngao, na juu yake kozi, yule ndege mwindaji, ameshika jani la kangaga. Tai za shingoni, vikombe vya chai, taulo za jikoni, vyote vina kozi. Na Jumamosi hii, mbele ya wana-Brackengill wa dunia nzima, kanisani kwetu, litafunuliwa bamba la shaba la Sir Gilbert. Jambo likishaandikwa kwenye shaba ukutani mwa kanisa, ni kweli. Halifutiki. Siwezi kwenda kaburini nikiliacha hilo nyuma, hatua ishirini kutoka kaburini kwenyewe.

Ila sitaki pia kukamatwa.

Mpango. Rahisi! Nirudishe karatasi kanisani kimyakimya, aione mtu mwingine, mtu huyo ashangae, nami nishangae pamoja naye. Nimemwambia Mavis nataka kwenda kusali. Ameguswa hadi akatoa leso. Amenipeleka kwa gari, akaniacha na fremu yangu ya kutembelea, akaenda kuongea na wanawake wanaopamba maua. Nikajikokota hadi kwenye kasha la kale yalimokaa madaftari. Limefungwa kwa kufuli! Nikasikia viatu vya Kasisi Philippa, kasisi wetu wa sasa. Nikaichomeka karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo, nikafumba macho. Kasisi akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuja. Nami nikamshukuru. Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mpya.

Saa kumi Mavis amerudi anahema. Mwalimu, umesahau karatasi yako! Ameikuta kwenye kitabu cha nyimbo alipokuwa akisaidia kuvipakia kwenye maboksi, maana vitabu vyote vya zamani kesho vinakwenda duka la mitumba. Bahati yako, amesema, ningechelewa kidogo ingekuwa imekwenda.

Nimemshukuru. Nimemshukuru kwa dhati. Karatasi imerudi chini ya soksi.

Jumanne, 11 Juni

Nimelala vizuri. Mpango wa pili umekuja wenyewe wakati nanyolewa ndevu.

Barua isiyo na jina! Kwenda kwa Maurice. Yeye ndiye mwenyekiti, yeye ndiye atakayefunua bamba. Akitiwa shaka, atasimamisha kila kitu. Nimeandika kwa mkono wa kushoto: "Bwana Mwenyekiti, Sir Gilbert hakuwahi kuishi. Tafuta mwaka 1741. Mtu Anayejua." Fupi. Nzito. Imenipendeza.

Nieleze kuhusu Maurice, kwa haki. Ana miaka themanini na mbili, alikuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu, na hakuna mtu aliyewahi kuifurahia historia niliyoiandika kama yeye. Nilikuwa mwenyekiti kabla yake. Mwaka 1986 akanipindua kwa kura tisa dhidi ya saba, kwa hoja kwamba tawi lake ni la mtoto wa kwanza na langu ni la mtoto wa tatu. Mchoro wa matawi hayo niliuchora mimi mwenyewe! Tangu hapo anakaa benchi la mbele na mimi la tatu. Jumamosi amejipa dakika arobaini za kuhutubia. Mimi amenipa mbili.

Mavis ameitia barua kwenye sanduku la posta. Aliuliza mbona mwandiko umekuwa kama kuku kapita. Nikasema baridi yabisi. Akanisugua vidole kwa mafuta robo saa nzima. Nimeona haya, lakini vidole vimepona.

Jumatano, 12 Juni

Posta yetu ni ya kusifiwa. Saa tatu na nusu Maurice alikuwa mlangoni, koti la buluu, kozi kifuani, barua ndani ya mfuko wa plastiki kama ushahidi wa mauaji.

Amekuja kwangu kama mwanahistoria wa Chama. Anataka nimtambue mwandishi. Yeye anawashuku wale Outhwaite wa kule kinuni, wanaotuonea wivu kwa sababu babu yao wa mbali kabisa ni mhunzi tu.

Nikavaa miwani. Nikaichunguza. Nikasema bila shaka aliyeandika ni msomi.

Maurice akacheka mpaka akakohoa. Msomi gani, binamu? Huyu hata kalamu hajui kuishika! Hohehahe fulani. Pengine mlevi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kukubali. Badala yake nilimtetea yule mwandishi nusu saa nzima. Nikamwonyesha jinsi sentensi zilivyo fupi na safi. Nikasema "Mtu Anayejua" ni sahihi yenye hadhi. Nikasema kama wanafunzi wangu wangeandika hivyo, ningekufa na amani. Maurice akaniangalia kwa huruma, akanipiga bega, akasema, "Binamu, hizo dawa zinakuchanganya. Usijitie presha. Mambo yote niachie mimi." Kisha akaikunja barua mara nne, akaibana kwenye dirisha langu linalogongagonga upepo ukivuma.

Dirisha limetulia. Miezi minane linanisumbua! Lazima nikiri, Maurice ni fundi.

Akiondoka akaongeza jambo. Kuna mwanamke wa Ontario, Lorna, anamsumbua kwa simu. Anataka babu yake aingizwe kwenye mchoro wa ukoo Jumamosi. Babu huyo alitoka kituo cha watoto yatima, hana cheti, hana baba, ana jina tu. Maurice amemkatalia kwa Kanuni ya Nne: hakuna atakayeingizwa kwenye ukoo bila nyaraka za kumuunganisha na Sir Gilbert. Kanuni yako hiyo, binamu, amesema. Nzuri sana. Inafukuza watu kama chawa.

Ni yangu kweli. Niliiandika jioni moja mwaka 1979, nikinywa mvinyo wa sheri. Niliona inaleta heshima.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango wa tatu, na wa heshima kuliko yote: nife leo. Siyo kwa mkono wangu, hapana, nisieleweke vibaya. Niondoke tu, kama daktari alivyokwisha kunikadiria. Kila kitu kimeandikwa kwenye bahasha: ungamo, karatasi, msamaha. Juu yake: "Ifunguliwe nikishafariki." Wataisoma Ijumaa, bamba litasimamishwa, na hakuna atakayeweza kunikasirikia, maana maiti hakasirikiwi. Hutajwa vizuri na kuliliwa.

Nimevaa pajama nzuri. Nimelala chali, mikono kifuani, tangu saa tatu. Nimemwambia Mavis asihangaike. Nikangoja. Nikawaza juu ya marehemu mke wangu Edith, nikamshukuru kimoyomoyo kwa miaka arobaini na mitano ya kunivumilia. Nikangoja tena. Saa nne na nusu ikaanza kuja harufu ya nyama ya nguruwe ikikaangwa. Ni vigumu sana kufa katika harufu hiyo. Nikajitahidi. Saa tano nikala. Mayai mawili.

Muuguzi akaja kunipima. Akapima mara mbili. Akasema, "Mzee, mbona umependeza hivi? Dawa mpya zimekukubali! Moyo wa kijana wa miaka sabini!" Mavis akanikumbatia na mwiko mkononi. Wakaanza kuzungumza habari za Krismasi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru, ingawa angeweza kuchagua wiki nyingine.

Saa tisa akaja yule Lorna. Mwenyewe! Hakuwa amealikwa. Ana miaka sitini na kitu, mrefu, nywele nyeupe fupi, amelowa mvua. Amebeba sanduku dogo la mbao. Mavis akamkatia keki ya matunda na kipande cha jibini juu yake, kama tunavyokula huku. Akaila bila kuuliza, nikampenda hapohapo.

Nilidhani kaja kugomba. Kaja kunishukuru.

Sanduku ni la babu yake, Enoch. Mwaka 1908 alikuwa na miaka tisa. Kituo chake kilimpandisha meli pamoja na watoto mia mbili kwenda Kanada kufanya kazi mashambani. Ndivyo walivyofanya enzi zile. Kila mtoto alipewa sanduku na Biblia. Alilala ghalani na ng'ombe miaka saba. Wenye shamba walimwambia jina lake lazima ni la kubandikwa, hana kwao. Akaoa, akazaa, akawa seremala, na kila alipoulizwa jina lake alilitamka polepole kama mtu aliyeliazima.

Mwaka 1980 mtu akampelekea kijitabu changu. Alikuwa na miaka themanini na moja. Akakisoma mpaka kurasa zikaachana na uzi. Mle ndani, amesema Lorna, aliona kwa mara ya kwanza kwamba korongo lipo, kijiji kipo, kwamba Brackengill ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama. Akajitafuta kwenye mchoro. Akatafuta kila ukurasa. Akamwambia Lorna, "Labda toleo lijalo." Akafa mwaka 1983. Lorna amenisubiria hilo toleo miaka thelathini na sita.

"Mzee Clement," akaniambia, "sikuja kumlaumu mtu. Nilitaka uone sanduku lake tu. Na niseme asante. Ulimpa kwao, hata kama hukumfungulia mlango."

Akaniacha na keki yangu. Sikuimaliza.

Bahasha ilikuwa chini ya mto muda wote. Ningenyoosha mkono tu.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya. Mavis kajaribu supu, kajaribu kastadi. Nimemshukuru kwa yote, sikula.

Mtoto wa kuokotwa! Enoch alikuwa ameshika ufunguo wa ukoo mzima mkononi mwake, mimi nikamfungia nje kwa Kanuni ya Nne.

Baada ya chai ya saa kumi nimepata nafuu, kwa sababu nimepata mpango. Mpango huu hauna kasoro. Kesho nitasimama na dakika zangu mbili, nitatoa karatasi, na nitasema nimeigundua leo asubuhi ndani ya kitabu cha kale. Ugunduzi! Lorna anampata babu yake. Bamba linasimamishwa. Mimi nabaki mwanahistoria mwaminifu aliyeipinga hata kazi yake mwenyewe kwa ajili ya ukweli. Kila mtu anapata chake.

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nyusi juu, mdomo wazi kidogo. Mavis kapita akauliza kama jino linaniuma.

Jumamosi, 15 Juni

Nimechoka, lakini niandike yote. Mavis kaniwekea mito mitatu.

Kanisa limejaa. Sijawahi kuona wana-Brackengill wengi hivyo. Pua yangu mwenyewe kwenye nyuso hamsini! Kofia, maua, watu wa Ohio na kamera zao. Mzee mmoja wa Tasmania, kiziwi kabisa, amepewa heshima ya kuvuta kamba ya pazia, maana ndiye aliyetoka mbali kuliko wote. Lorna benchi la nyuma, sanduku mapajani.

Maurice kahutubia. Dakika hamsini na tano. Sir Gilbert kapigana, Sir Gilbert kajeruhiwa paja, Sir Gilbert kamwokoa farasi wake mtoni. Jeraha la paja si langu! Wala mto. Kaongeza mwenyewe. Nikaona wivu, jeraha ni zuri.

Kisha mimi. Mavis akanisukuma mbele kwenye kiti cha magurudumu. Nikatoa karatasi. Nikasema: ndugu zangu, leo asubuhi, nikipekua kitabu cha kale nyumbani kwangu, nimekuta jambo la ajabu. Nyusi juu. Mdomo wazi kidogo.

Sauti ya Mavis, kwa upendo wote, kanisa zima likisikia: "Mwalimu, si ile karatasi uliyoisahau hapa Jumatatu?"

Alidhani nimepotea njia. Alikuwa ananisaidia.

"Jumatatu?" akauliza Kasisi Philippa.

"Kitabu gani hicho?" akauliza Maurice.

Nilikuwa na majibu matatu. Matatu, yote mazuri, moja lilikuwa na shangazi ndani yake. Nikatazama nyuma kutafuta lipi nitumie, nikaona Lorna amesimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na matumaini. Mtu aliyezoea kusubiri toleo lijalo.

Nikasema niliiiba. Mwaka 1978, kwenye daftari la kanisa hili, nikaificha chini ya soksi. Nikasema hakuna Sir Gilbert. Hakuwahi kuwepo, nilimbuni mezani kwangu pamoja na farasi wake. Nikasoma mistari yote minane. Mwokotaji ni Hannah Kearton, mjane, dobi, ambaye kwa hiari yake amesema atamlea mtoto nyumbani kwake. Nikasema huyo ndiye mwanzo wetu, hakuna mwingine. Nikasema Kanuni ya Nne ni yangu na ninaona aibu nayo.

Kimya.

Katikati ya kimya hicho mzee wa Tasmania, ambaye hakuwa amesikia neno, akaona watu wamenyamaza kwa heshima, akajua zamu yake imefika. Akavuta kamba. Pazia likaanguka. Sir Gilbert huyo, shaba tupu, juu ya farasi, upanga hewani. Mzee akapiga makofi, peke yake, kwa nguvu zote.

Aliyecheka kwanza simjui. Mtu wa Ohio, nadhani. Kisha kanisa lote likacheka, hata Kasisi, hata mimi machozi yakinitoka.

Lorna akaja mbele. Akaomba karatasi. Akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia, kwamba babu yake maisha yake yote aliamini yeye ndiye Brackengill wa bandia. Kumbe ndiye pekee aliyefanana na wa kwanza. Akaweka sanduku la Enoch juu ya ngazi, chini ya farasi wa shaba, watu wakaanza kuja mmoja mmoja kuligusa.

Kisha akaniinamia. "Sikusamehei leo, Mzee. Leo nina furaha mno. Kesho saa nne nitakuja kwako kukasirika. Uwe na chai."

Nikamshukuru. Nini kingine ningesema?

Maurice alikuwa amekaa, koti kalifungua vifungo, kalishika mapajani, kozi akimtazama. Miaka arobaini nimemvaa huyu ndege kifuani, akasema. Nikamwogopa. Nikamwonea huruma, na sikuwa nimewahi. Kisha nikaona macho yake yanaanza kuhesabu. Akasimama. Akauliza kama huyo John aliyeokotwa alizaa. Nikasema watoto watatu wa kiume. Akauliza mkubwa nani. Nikasema William, babu wa tawi lao.

"Basi," akawaambia watu, akifunga vifungo, "tawi letu bado ndilo la kwanza."

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Saa nne kamili Lorna mlangoni. Akakasirika. Alikasirika vizuri, kwa mpangilio, dakika ishirini, bila matusi. Aliniambia habari za ghala, za baridi ya Ontario, za siku babu yake alipokataa kusema jina lake kwenye harusi ya bintiye. Aliniambia, "Ulikuwa na dawa yake chini ya soksi zako, Mzee. Soksi!" Sikujitetea. Mavis alilia jikoni kwa niaba yetu sote.

Kisha akanywa chai. Kisha akanishika mkono, mkono huu mkavu, akaushika muda mrefu. Kama nitakufa leo, kweli sasa, nitakuwa nimelipwa zaidi ya haki yangu.

Kasisi Philippa kapita. Karatasi itapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo, na barua ya maelezo kutoka kwangu. Hakunikaripia. Kasema ukuta wa kanisa umekaa bila Sir Gilbert miaka mia nane, utavumilia. Bamba limewekwa stoo nyuma ya mashine ya kukatia nyasi.

Maurice kaleta pai ya nyama. Hakusema pole, kaweka pai mezani na kukagua dirisha kama bado limebana.

Watu wema kila upande! Sijui nimefanya nini kustahili. Ninajua nimefanya nini kutostahili, orodha ninayo. Na bado wanaleta pai.

Lorna ana ombi moja. Kabla ya kurudi kwao Jumatano anataka kijitabu kipya. Toleo lijalo. Kiwe na yale tu yaliyo kwenye karatasi, neno kwa neno, na mwisho wake jina la Enoch. Ukurasa mmoja unatosha, amesema. Mimi ndiye niandike, kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu. Nimeapa kwa kaburi la Edith: hakuna nitakachoongeza. Kalamu hii sasa ni ya ukweli mtupu.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi njema, jua, ndege. Nimeanza saa tatu. Saa tatu na robo nimemaliza. Mtoto, korongo, Hannah Kearton, John, Enoch. Kila neno kweli.

Nimeutazama ukurasa. Uko mtupu sana. Sisemi umekosea. Nasema msomaji atahisi baridi.

Basi nimeweka mvua. Mvua si uongo, huku Skelbeck hunyesha siku mbili kwa tatu, na mwaka 1741 haukuwa tofauti. Mvua imeomba upepo. Hannah hawezi kupanda korongoni katika upepo huo bila sababu, kwa hiyo amesikia kitu. Kwato. Sikusema farasi wa nani. Mwanahistoria makini hasemi asichokijua. Nimesema tu farasi alikuwa mweupe, na aliyempanda alikuwa na joho jeusi, na alimbusu mtoto mara moja kabla ya kumlaza kwenye kangaga, na kwamba kidoleni alikuwa na pete ambayo mtu wa kawaida hawezi kuwa nayo.

Maurice kapita, kasoma hapo kwenye pete, kavuta kiti. Anasema mpanda farasi angekuwa na jeraha pajani. Hatukukubaliana. Kisha tukakubaliana.

Mavis kachungulia mlangoni kuuliza ule ukweli unaendeleaje. Nimemwambia unakwenda vizuri sana, tuko ukurasa wa kumi na tisa, na Lorna atafurahi.

Namshukuru Mungu kwa siku anazoniongezea. Ndege ya Lorna ni kesho saa nane mchana, na mpanda farasi bado hana jina.